Wauzaji wa pinde za Kituruki, acheni kutia ugwe kwa kupitisha mguu: mnasokota mikono ya upinde na kuhatarisha watu

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Duka moja la vifaa vya upigaji mishale hapa Istanbul limeniuzia upinde wa mtindo wa Kituruki, uliotengenezwa kwa mbao na faibaglasi, wenye mvuto wa ratili 45, na muuzaji akausokota yeye mwenyewe mbele ya macho yangu alipokuwa akiutia ugwe, yaani kamba yake ya kurushia mshale. Nilipolalamika palepale, alinijibu kwamba hiyo ni hali ya kawaida na kwamba mkono wa upinde, yaani nusu yake inayokunjika, utanyooka wenyewe nikishaanza kuutumia. Nilipourudisha baadaye ukiwa na mstari mweupe kwenye faibaglasi, pale mkono unapoungana na ncha ya juu, niliambiwa kwamba dhamana haihusu upinde uliosokotwa na mteja.

Naomba nieleze alichokifanya, kwa sababu ndicho kinachofanywa na wauzaji wengi na ndicho kilichochorwa kwenye karatasi ya maelekezo waliyonipa. Aliitega ncha ya chini mbele ya kifundo cha mguu wa kushoto, akapitisha mguu wa kulia kati ya ugwe na upinde, akauegemeza mshiko nyuma ya paja, kisha akausukuma mkono wa juu kwa kiganja mpaka kitanzi cha ugwe kikaingia kwenye mkato wake nchani. Kwa mtazamaji inaonekana ni ustadi. Ukweli ni kwamba kwa njia hiyo nguvu haipiti katikati ya upinde hata kidogo: ncha ya chini inaukandamiza mguu kwa ubavu wake, paja linausukuma mshiko kutoka upande mmoja, na kiganja kinaipeleka ncha ya juu upande mwingine, hivyo mikono yote miwili inakunjwa na kusokotwa kwa wakati mmoja.

Wenzetu waliozoea pinde za Wahadzabe au za Wakamba, ambazo ni mti mmoja usio na ncha zilizojipinda mbele, wanaweza kuona ninakuza jambo dogo. Upinde wa Kiasia haufanani na huo. Ukiwa hauna ugwe, mikono yake imegeukia mbele, kinyume kabisa na upande utakaovutwa, na mwishoni mwa kila mkono kuna siya, yaani ncha ndefu ngumu isiyokunjika. Siya hiyo inafanya kazi kama spana iliyofungwa kwenye kijiti chembamba: msukumo mdogo wa pembeni unaoipata nchani unausokota mkono wote chini yake. Ndiyo maana njia ambayo upinde mpana na mnyofu unaweza kuivumilia inauharibu upinde huu.

Na hasara ya fedha si jambo baya kuliko yote. Ugwe ukishahama katikati, mpigaji anapouachia unarudi kwa kasi na kuipiga siya kwa ubavu, na unaweza kuteleza ukatoka, kisha mikono ikageuka ghafla kurudi kwenye umbo lake la awali huku uso wa mtu ukiwa karibu nao. Hatari hiyo ipo hata wakati wa kuutia ugwe, kwa maana anayepitisha mguu anaiinamia ncha ya juu, na ikimponyoka kiganjani itampata kidevuni au jichoni. Muuzaji wangu alikuwa ameinama namna hiyohiyo, na nyuma yangu alikuwepo kijana wa shule aliyekuwa akimwangalia ili ajifunze.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hayo yanatokea katika mji huu. Hapa ndipo ilipo Okmeydanı, uwanja uliotengewa wapiga mishale tangu zama za Sultani Mehmed wa Pili, aliyeuteka mji mwaka 1453, na upigaji mishale wa jadi wa Kituruki uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019. Waosmani walikuwa na pinde za pembe, kano na gundi, zilizojikunja mbele kuliko pinde nyingi za faibaglasi za leo, na hawakuzipitishia mguu kwa pupa. Walikuwa na kemendi, mkanda wenye vitanzi viwili ambavyo viliwekwa kwenye mikono ya upinde. Mpigaji aliketi, akausukuma mshiko kwa nyayo huku mkanda ukimzunguka kiunoni, na pande zote mbili zikakunjika sawia. Wakorea nao huupasha upinde wao wa pembe joto la polepole kabla ya kuutia ugwe, kisha huukagua na kuurekebisha umbo kabla ya kupiga mshale wa kwanza. Watu hao walijua wanashika kitu gani.

Kifaa cha leo kinachofanya kazi ya kemendi ni kamba yenye kifuko kila upande, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya upinde. Kitanzi cha chini cha ugwe kinawekwa kwenye mkato wake, cha juu kinaachwa kikiwa kimeteremka kwenye mkono, kamba inavishwa pande zote mbili, unaikanyaga katikati kwa miguu yote, halafu unauinua mshiko wima, bila kuupeleka kushoto wala kulia, mpaka kitanzi kipande mahali pake. Kabla ya kulegeza kamba unavikagua vitanzi vyote viwili. Kisha unautazama upinde kutokea nchani: ugwe unapaswa kuigawa mikono na mshiko katikati. Ukiwa umeegemea upande mmoja wa siya, usiuvute. Rudisha kamba, utoe ugwe, na msokoto mdogo wa faibaglasi uurekebishe taratibu kwa vidole, ukiugeuzia upande wa pili na kuushikilia kwa muda. Upinde wa pembe mpelekee fundi wake, wala usiusogeze kwenye moto kwa kubahatisha.

Duka lile halikunipa kamba hiyo, wala halikuitaja. Nilipoiulizia, niliambiwa kwamba ni ya wanaoanza.

Madai yangu kwao nimeyaandika kwa barua: wanirudishie fedha au wanipe upinde mwingine, waiondoe ile karatasi, na wasiuze upinde wa aina hii bila kamba yake. Mpaka sasa hawajajibu, na pinde zile zile bado zimetundikwa dirishani, mbili kati yake zikiwa na ugwe uliokaa ubavuni mwa siya, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kuliona akiwa nje. Mliowahi kununua upinde kama huu, iwe hapa Uturuki, Ghuba au kwa kuagiza mtandaoni, tafadhali wekeni picha iliyopigwa kutokea nchani, mseme uliwafikia ukiwa katika hali gani na ni nani aliyeutia ugwe mara ya kwanza, ili barua yangu ya pili isiwe ya malalamiko ya mtu mmoja.