Naomba ushauri: "watch" ya volkano niiandike vipi kwa Kiswahili?

Binti wa Majengo
Jambo yenu wote. Niko Goma, karibu na volkano yetu Nyiragongo. Ninajifunza Kiingereza, kwa hiyo wamama wa kartie yetu wamenipa karatasi niwageuzie: inaeleza ngazi nne za hatari ya volkano kwa utaratibu wa Marekani. Ya tatu inaitwa "watch", ya nne "warning".

Simu ilinipa "saa", ile ya mkononi. Nikaandika "tazameni". Jumapili nikawasomea, mama mmoja akauliza: "Tutazame nini, mtoto wangu? Moshi?" Mwingine akasema basi tufunge mizigo. Nilikosa jibu. Mama huyo, volkano ilipolipuka mwaka 2021, alikimbia kwa miguu na wajukuu mpaka mji wa Sake, siwezi kumsomea neno nisilolielewa mwenyewe. Nisaidieni.

Mwalimu wa Ndosho
Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kubandika karatasi. Neno hilo ni ndugu wa "wake", kuamka. Maana yake ya zamani ni kuwa macho wakati wengine wamelala, yaani kukesha. Pale Getsemane Yesu anapowaambia wanafunzi wakeshe, Biblia ya zamani ya Kiingereza inaandika "watch".

"Look" ni kugeuza macho. "See" ni kuona, hata bila kutaka. "Watch" ni kuyaacha macho juu ya kitu kinachoweza kubadilika: mpira, sufuria ya maziwa, mtoto karibu na barabara. Ukiongeza "over" inakuwa kuchunga. Ukiongeza "out" ni kumpigia mtu kelele: chunga!

Kwa volkano, Wamarekani wanasema "watch" mlima ukionyesha dalili zinazozidi na haijulikani utalipuka lini, au ukiwa unatoa moto ambao hatari yake ni ndogo. "Warning" ni mlipuko wa hatari ulio karibu sana au ulioanza.

Baharia wa Kivu
Kwenye meli kubwa "watch" ni zamu, kwa kawaida ya muda wa saa nne. Hata Biblia yetu, Matayo 14, inasema "zamu ya nne ya usiku", na Kiingereza pale ni "watch". Sisi huku zamu tumemfanya kuwa mtu, yule anayelinda parsele, yaani kiwanja chenye nyumba. Kiingereza nacho kina njia zote mbili, kazi na anayeifanya.

Zamu wa Depo
Mimi ndiye huyo zamu, Kiingereza sijui. Lakini naona mnachotafuta. Usiku mimi simwamshi patron kwa kila mbwa anayebweka. Ila nikisikia mbwa wa parsele tatu wanabweka pamoja, nafunga viatu, nashika tochi, nasimama karibu na mlango. Bado sijapiga filimbi. Hapo ndipo pa neno lako la kwanza. Filimbi ni la pili. Waambie wamama: viatu miguuni, filimbi bado.

Yaya wa Katindo
Mdogo wangu, chunga rangi pia, maana ngazi za hatari huenda na rangi! Kwa Wamarekani "watch" kwa kawaida huenda na rangi ya machungwa. Kwetu Goma vigilance (kuwa macho) ni njano, na machungwa ni prealerte (onyo la awali). Ukiandika "kuwa macho" bila kutaja rangi, watu watafikiri ni njano, ngazi ambayo tumeizoea mpaka hatuistuki tena. Andika neno na rangi pamoja, na useme wazi kwamba utaratibu huo ni wa Marekani. Kwa mlima wetu wafuate rangi ya Observatoire ya hapa, wale wanaoichunguza volkano.

Binti wa Majengo
Asanteni sana, yaya, mwalimu, nyote. Zamu, nimechukua viatu vyako. Nimeandika hivi:

"Rangi ya machungwa (Marekani): KESHENI TAYARI. Mlima unaonyesha dalili zinazozidi. Viatu, karatasi na dawa viwe karibu na mlango, watoto wajue njia. Bado hakuna hatari, msikimbie mpaka mtangaziwe."

Mwalimu wa Ndosho
"Kesheni tayari" ni nzuri kuliko nilizokuwa nazo mimi. Lakini futa "bado hakuna hatari". Hatari ipo, ndiyo sababu wanakesha. Na hiyo "mpaka mtangaziwe" iangalie tena: tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ililipuka bila tangazo lolote kututangulia. Andika: "Mkitangaziwa, au mkiona moto wenyewe, ondokeni."

Binti wa Majengo
Nimefuta. Jumapili nawasomea upya, nikianza na yule mama wa Sake.