Vinanda vya umeme vya taarabu: viwekwe Makumbusho ya Lamu au viende kwa wa vyuma chakavu?

Mkaa Langoni:
Asalaam aleikum wana Lamu na Malindi. Natupa hoja hapa mjadiliane. Juzi nimekuta kinanda cha umeme cha kikundi kimoja cha zamani cha taarabu kiko juu ya punda kinapelekwa gatini kuuzwa kwa wa vyuma chakavu, pamoja na mabati na friji mbovu. Ni Yamaha DX7, ile nyeusi ya mwaka 1983, vitufe vyake vya kijani vimefutika maandishi kwa vidole vya mpigaji mwenyewe. Nimekinunua kwa bei ya kilo. Sasa naona tunaweka siwa kwenye kioo, milango ya kuchonga tunaipiga picha, mji mzima tumeutia kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, lakini chombo kilichopiga harusi zetu karibu zote za utotoni mwetu tunakiona taka. Mimi nasema Makumbusho iwe na chumba cha vyombo hivi, kinanda, miksa, hata maiki za zamani, na viwe vinawaka, sio vimekaa tu. Mnaonaje?

Mzee wa Mkomani:
Kinanda hicho ndicho kilichoua taarabu, leo mwataka mukiweke mahali pa heshima! Marehemu Zein l'Abdin alizaliwa hapa hapa Lamu na alitikisa pwani nzima na udi wake, ile ala ya nyuzi. Pesa zikipatikana ziende kwa vijana wafundishwe udi.

Bint Shela:
Mzee naheshimu lakini kikundi kamili cha udi, fidla, kodiani na dumbaki ni watu wangapi wa kulishwa na kulipwa? Mtu mmoja na kinanda chake anakuja, anapiga mpaka alfajiri. Wenye harusi ndio walioamua, sio kinanda. Na mimi nina lingine, mkianza kugawa vyumba vya makumbusho mkumbuke na vugo za kina mama, ile ngoma ya harusi ya kugonga pembe, maana hapo hamjataja hata pembe moja.

Jamaa wa Malindi:
Mimi nakusanya sintesaiza, yaani vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme kama hiyo DX7, kama hobi, niko Malindi, na naomba nitoe maoni tofauti. Vya zamani ni presha tupu bwana. Kampuni ya Korg walitoa sintesaiza yao MS-20 mwaka 1978, wakaja 2013 wakaitoa tena ndogo, asilimia 86 ya ile kubwa, inalia vile vile na haikuchomi roho kila ukiiwasha. Behringer nao wametoa Model D, ambayo ni nakala ya sintesaiza ya Minimoog ya 1970 kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kujikusanya akanunua. Kwa hivyo kwa nini tuhifadhi bodi zilizooza wakati sauti yenyewe inauzwa mpya dukani, tena kwenye laptopu ipo hata ya bure? Halafu Mzee, kodiani nayo ilitoka Ulaya. Farfisa ya Italia, wale wa vinanda vya miaka ya sitini, walianza kama watengenezaji wa kodiani. Mbona hiyo mliipokea bila kelele?

Mkaa Langoni:
Jamaa wa Malindi umegusa penyewe, subiri nikujibu taratibu. MS-20 na Minimoog hazina kumbukumbu ya kuhifadhi sauti, ukiizima na mtu akazungusha vifundo vyako basi sauti imeondoka, kwa hivyo mpya na ya zamani ni sawa, hapo sibishani. DX7 ni kitu kingine. Ndani ina nafasi 32 za sauti na mpigaji anaweza kufuta za kiwandani akaweka zake. Hiki nilichonunua nilipokiwasha nikakuta sauti moja imeandikwa jina KANUNI2, yaani kanuni ile ala ya nyuzi nyingi, na nyingine FIDLA LA. Yamaha hawakuandika hivyo! Kuna mtu alikaa usiku na kile kioo kidogo cha mistari miwili, akasogeza namba moja moja, na ile mashine ina opereta sita, yaani vipande vya kuundia sauti, na njia 32 za kuziunganisha, sio mchezo, mpaka akapata kanuni ya plastiki ambayo sote tuliidhani ndiyo kanuni. Hiyo utainunua duka gani? Ipo kwenye kinanda hicho peke yake, na inashikiliwa na betri moja ndogo.

Fundi Gatini:
Nimefungua vingi hivi. Kinachoua vyombo hapa sio umri ni chumvi. Unafungua kifuniko unakuta miguu ya swichi imeota kijani, chini ya kii zile raba zimeshika vumbi la chokaa na kila kii inataka kupigwa mara mbili ndio isikike, na slaidi ya volyumu inakwaruza kama paka. Usafi na spriti vinatosha mara nyingi. Pili, umeme. Vingine vinaletwa mitumba kutoka Japani, huko ni volti 100, mtu anachomeka moja kwa moja kwenye 240 yetu, moshi, halafu aniletee niambie ni fyuzi tu. Angalieni nyuma pameandikwa nini! Tatu, betri ya DX7 imelehemiwa kwenye bodi. Ukiing'oa, sauti zote 32 zimekwenda. Wengi wanafuta historia hivyo wakidhani wanatengeneza.

Mzee wa Mkomani:
Haya, historia. Lakini mimi sijajibiwa. Bayati, ile maqamu ya Kiarabu tunayoimbia, ina noti inayokaa katikati ya E na E bemoli. Kinanda chenu kina nyeupe na nyeusi, katikati hamna kitu. Vijana wamekua wakisikia bayati iliyonyooshwa mpaka ukiwapigia ya kweli wanakwambia udi haujatuniwa. Hilo ndilo mnataka kulihifadhi?

Jamaa wa Malindi:
Hapo Mzee ana pointi, ila ni ya zamani. Korg na Yamaha wana vinanda vya soko la Waarabu vyenye vitufe vya kushusha noti robo toni. Hata Korg Monologue ya 2017, kitu cha kubeba mkononi, unaweza kuitengenezea skeli yako. Shida ni wapigaji hawabonyezi.

Bint Shela:
Hawabonyezi kwa sababu hawakufundishwa. Na atakayewafundisha ni nani kama sio nyinyi wazee wa udi?

Mkaa Langoni:
Mzee ni kweli DX7 ya kwanza haina skeli za kupanga, hiyo ilikuja na DX7II. Lakini kaseti za harusi ninazo, na unasikia kabisa mpigaji anashusha ile noti kwa gurudumu la kushoto, kidole gumba, anateremka kidogo halafu anarudi. Sio kila mara, na akichoka usiku mkubwa anaacha. Kwangu huo pia ni ushahidi, kwamba walijua kilichokosekana wakapambana nacho. Basi nimeshusha ombi langu: chumba kingoje, kwanza tunakili sauti. Unahitaji waya wa MIDI, ule wa kuunganisha kinanda na kompyuta, na laptopu tu, sauti zote 32 ni baiti 4,104, picha moja ya wasapu inazidi mara nyingi. Mwenye kinanda cha kikundi chochote, Lamu, Faza, Malindi, akilete na arudi nacho nyumbani.

Fundi Gatini:
Nipo, nitasaidia bure. Ila msikiwashe kwanza kama kimekaa miaka, na betri msiguse.

Mzee wa Mkomani:
Mukimaliza kunakili hiyo KANUNI2 mnialike. Nitakuja na udi, na huyo mpigaji wenu aje na kidole gumba chake.