Mita 60 za kijito ndani ya msitu wa kijiji: tufunge zote?

Mleta mada, Sikonge
Wadau, tunapitia upya mpango wa msitu wetu wa hifadhi wa kijiji na ugomvi umebaki kwenye kijito. Wapo wanaotaka mita 60 kila upande zifungwe: mninga usikatwe, bustani isilimwe, kitalu cha tumbaku kiondoke. Pigeni hesabu: kilomita moja tu ni hekta 12, karibu ekari 30, na ndiko kwenye unyevu mwezi wa nane. Kwa kijito kinachokauka naona ni nyingi mno. Nipingeni.

Mfuga nyuki, Sikonge
Kukauka ndiyo sababu ya kukilinda, mkuu. Mto Ugalla wenyewe kiangazi hukatika yakabaki madimbwi ya viboko. Ukifyeka kingo, hata hicho kidimbwi kinachonywesha nyuki jua linakimaliza. Halafu dawa hujaitaja! Watu wanapulizia kitalu, kisha bomba wanaliosha humo humo kijitoni.

Mkulima wa tumbaku, Urambo
La dawa sibishi. Lakini miche haimwagiliwi kwa maneno, na anayebeba ndoo ni mke wangu, si kamati. Pia sheria mnaisoma nusu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi. Hakikusema mtu asikanyage. Mchicha wa kiangazi ni wa kudumu?

Mvuvi, Uvinza
Ndugu zangu wa juu huko, Ugalla unamwaga Malagarasi, nao Malagarasi unamwaga Ziwa Tanganyika. Tope lenu tunalipokea sisi. Mimi mchicha haunisumbui. Kinachoniudhi ni magogo kuburutwa kushuka kingo na trekta kuvuka popote dereva anapotaka. Mvua za kwanza kila njia inageuka mfereji. Hilo mbona hamligusi?

Mleta mada, Sikonge
Hoja nzito. Basi napendekeza: vitalu vyote nje ya mita 60, magogo yasiburutwe humo, trekta livuke sehemu moja iliyopangwa mawe. Mboga za kiangazi ziruhusiwe, bila dawa wala kuchoma moto.

Mfuga nyuki, Sikonge
Mboga leo, kesho migomba. Napinga.

Mkulima wa tumbaku, Urambo
Mimi nakubali, ila semeni kwanza nani atalinda. Kamati ya maliasili ya kwetu haina hata baiskeli. Ushuru wa mbao utawalipa posho, au tutapiga kura halafu kila mtu arudi kwake?