Ami analeta Tesla kutoka Uingereza, mie ndo muangalizi na nyumba yetu iko Kikwajuni. Naiweka wapi?

mpangaji_wa_baraza

Assalaam alaykum. Msinicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Ami yangu kaishi Uingereza miaka mingi, sasa anasema atakuwa nusu mwaka huku nusu mwaka kule. Ana gari ya umeme, Tesla Model S ya 2016, kuiuza kule hataki mana bei anayopewa anasema ni ya kutupa, kwahio anaipakia meli inakuja Unguja na akiondoka mie ndo nakaa nayo. Mtu mwengine angeruka kwa furaha, mie tangu juzi nazunguka mtaani na futi ya fundi seremala kama mtu wa mipango miji.

Saivi nna IST. Naipaki mbele ya nyumba, baina ya baraza ya mzee wa jirani na nguzo ya umeme, ikikaa hapo vespa inapita na hamali na mkokoteni wake anapita kwa kunung'unika. IST ni mita 3.85. Hii ya ami nimetazama vipimo, urefu mita 4.97, upana 1.96 bila vioo na ukivifungua vioo inafika karibu 2.19. Maana yake mita nzima na ushei inamuingilia mzee mbele ya baraza yake, na yule mzee pale ndo ofisini kwake, kahawa pale, bao pale, kesi za mtaa pale.

Njia ya pili ni kuilaza huko Mnazi Mmoja nirudi kwa miguu, lakini gari ya mtu bwana, nalala vipi? Ya tatu ni shamba Kianga, kiwanja kipo, geti lina mita 2.30, ila njia ya kuingia ni ya udongo ina mashimo, na uwani kuna minazi na mwembe mmoja mkubwa mno.

Waliowahi kuishi na gari ndefu ya chini chini kama hizi, hasa za umeme, nisaidieni. Masafa hayanitishi, kisiwa chenyewe huku mpaka kule kilomita 85. Linalonitisha ni pa kuiweka na matuta.

spana_namba_13

Waalaykum salaam yakhe. Nshawahi kuishika moja ya mteja, sio ya mwaka huo lakini ni ile ile, bas nikueleze nilichokiona kwa macho yangu.

Watu wanadhani ile gari inagusa tuta kwa sababu iko chini kuliko gari zetu. Sio hivo. Pale ilipo haipishani sana na IST yako. Kinachoiponza ni urefu wa baina ya tairi ya mbele na ya nyuma, IST ni mita 2.37, hii ni mita 2.96, na hapo katikati pote chini ni betri, bapa kama sinia. Tairi za mbele zishashuka tuta, za nyuma bado hazijapanda, kile kitumbo ndo kinakaa juu ya tuta. Sasa matuta ya barabara kuu yana kipimo, utapita pole pole, hata yale ya Jozani waliyoyaweka kwa ajili ya kima punju utayapita. Shida ni tuta la mtaa, lile watu wenyewe wamechanga saruji mifuko miwili baada ya mtoto kugongwa, limesimama wima kama jiwe la kaburi. Mteja wangu alipita moja huko shamba nikiwa nimekaa kushoto, nkasikia krrrrrr mpaka meno yakanisisimka. Tukashuka, nkalala chini na tochi ya simu, mstari umetoka mbele mpaka katikati umenyooka kama umepigwa kwa rula. Alhamdulillah ilikuwa kwenye bamba la kinga. Tesla waliongeza bamba la titani na aluminiamu mbele huko chini 2014 baada ya magari mawili kugonga vyuma barabarani mwaka 2013 yakawaka moto, kwahio ya ami yako inalo.

Sasa swali la kumuuliza ami kabla hata meli haijang'oa: gari yake ina springi za kawaida au za upepo? Kama ni za upepo umepona nusu. Unaipandisha kwenye skrini, na uzuri wake inakumbuka pahala. Ukiipandisha mbele ya tuta la kwenu mara moja, siku ya pili ukifika pale inanyanyuka wenyewe kwa GPS. Kama ni za kawaida basi matuta ya mtaani uyapite mshazari, tairi moja moja, na watu washuke.

Tena usikubali rimu za inchi 21. Zile mpira wake mwembamba, shimo moja la Kianga rimu imekunjika. Mwambie alete na 19, tairi 245/45. Na ujue haina spea! Ukifungua buti utatafuta mpaka uchoke. Nunua pampu ndogo ya kuchomeka na vile vijiti vya kuzibia pancha.

Na fundi asikutie jeki popote tu. Kuna sehemu nne maalum, na springi za upepo lazima uiweke kwanza kwenye modi ya jeki, akitia jeki katikati anabonyeza betri na hapo ndo hasara ya nyumba.

Noah_haifi

Muuzie mtu wa hoteli, nunua Noah mbili, moja upige daladala moja umpe ami.

spana_namba_13

Noah yako wewe juzi nimeiona inasukumwa Darajani.

bi_chaji

Mimi sina Tesla, nna Nissan Leaf, gari ya umeme ya Japani, mwaka wa pili huu, naishi Mbweni. La kupaki silijui ila la umeme nalijua mpaka basi.

Kwanza usije ukaazima chaja yangu wala ya mtu yoyote mwenye gari ya Japani. Leaf zetu tundu lake ni taipu 1, ya ami yako ikiwa ya Uingereza ni taipu 2. Mwambie aje na waya wake kamili, na plagi yake ya pini tatu kubwa, mana soketi za kule ndo hizi hizi za kwetu na volti ni zile zile 230, hapo una bahati kuliko sisi wa Japani.

Kwenye soketi ya kawaida inavuta ampea 10, yaani kilowati 2.3. Uniti moja ya tukuza (umeme wetu wa kulipia kabla) ni kilowati-saa moja, kwahio saa 10 za usiku zinakula uniti 23 hivi, na hizo zinakupa kama kilomita 100 ukiendesha kwa adabu. Kwenda Nungwi na kurudi mjini ni kama 120. Kwa hio kila siku unachopoteza unakirudisha usiku, usijitie presha ya chaja kubwa. Lakini kutoka sifuri mpaka kujaa usithubutu kusubiri, hata siku moja na nusu inaweza isitoshe.

Sasa kubwa kuliko yote ni ATHI, ule waya unaokwenda ardhini. Nyumba nyingi za kwetu tundu la tatu kwenye soketi ni pambo, halijafungwa na kitu. Friji halisemi, tivii haisemi, lakini hii gari inapima yenyewe, ikikosa athi inawasha taa nyekundu na haichaji ng'o. Mimi usiku wa kwanza nililia nikidhani nimeuziwa kopo. Kumbe fundi umeme kaja asubuhi kachimba, kapiga rodi ya shaba chini kwenye ardhi yenye unyevu karibu na mfereji wa kutawadhia, mchana ikachaji. Jenereta ndogo nazo mara nyingi inazikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Umeme ukikatika usihangaike, ukirudi inaendelea wenyewe. Tesla nimesikia ikiona volti zinayumba inapunguza kuvuta, ni kinga hio sio ubovu. Lakini pleeease usipitishe kwenye friji gadi wala ekstensheni ya sokoni! Ekstensheni yangu ya mwanzo ilijikunja kama mkate wa ufuta ulioachwa motoni, harufu mpaka kwa jirani. Soketi mpya, waya mnene, breka yake peke yake kutoka kwenye boksi.

Na Kikwajuni utachajia wapi, utatoa waya dirishani uvuke njia ya watu? Mtoto akijikwaa, mvua ikinyesha, mzee wa baraza na kikombe chake cha kahawa... Hapana jamani. Kianga.

mie_wa_wete

Mie nko Pemba, gari yangu sio ya umeme ni benzi ndefu ya zamani lakini maumivu yetu ni mamoja. Mumeizungumza chini, hebu tazameni na juu.

Zile Tesla nyingi paa lake kubwa ni kioo. Halafu mtu anasema uwani kuna minazi. Yakhe! Nazi kavu haipigi hodi. Mie ilinidondokea kwenye boneti, bati likaingia ndani ukaweza kutia bakuli la mchuzi, sasa ingekuwa kioo? Ama mpandishe mkwezi aangue zote na awe anarudi kila miezi mitatu, makuti pia, ama ujenge banda mbali na minazi. Na mwembe nao ni mzuri kwa kivuli tu, utomvu wake ukikauka kwenye rangi hautoki kwa sabuni, na popo wakija msimu wa embe asubuhi utadhani gari imepakwa chokaa.

La pili ni chumvi. Gari za umeme ukiachia mguu zinajizuia kwa mota, breki zenyewe hazifanyi kazi sana, basi hapa kwetu na upepo wa bahari diski zinaota kutu hata unatembea kila siku. Kila ukienda pahala pasipo na mtu kanyaga breki kweli kweli mara tatu nne zijisugue. Na ukitoka pwani ioshe chini kwa maji baridi, sio juu tu kwa ajili ya wasichana.

La tatu kama mnaishusha kwenye meli ya kuendesha ndani, tazameni maji. Siku za bamvua maji yakikupwa ule mlango wa meli unakaa mwinamo mbaya, na kitumbo hicho cha mita 2.96 kitakwama pale pale kwenye kona watu wote wanakutazama. Subirini maji mafu. Mie benzi yangu iliacha egzosi bandari ya Mkoani.

spana_namba_13

Hilo la bamvua nililisahau, sahihi kabisa.

Niongeze la miezi ambayo haitembei. Usiiache imejaa 100 wala usiiache 10, iweke katikati, 50 au 60, na chaja iwe imechomekwa. Ina betri nyengine ndogo ya volti 12, ile ikifa vishikio vya milango havitoki nje, unabaki unaipapasa gari kama samaki. Na siku ikigoma usiruhusu ivutwe kwa kamba tairi zikizunguka chini, mota inaungana na tairi moja kwa moja. Ni ya kubebwa juu ya lori.

mpangaji_wa_baraza

Nimerudi. Nimewasoma wote, Allah awalipe.

Ami nimempigia, ina springi za upepo, na rimu kumbe ni za 21, ananunua za 19 wiki hii. Athi Kianga hakuna, fundi kachungulia boksi akacheka tu.

Jana lakini nlifanya kitu. Nlikata kamba ya mita 4.97, nikaitandika chini mbele ya nyumba Kikwajuni kutoka kwenye nguzo, nione kwa macho. Ikapita baraza yote ya mzee ikaishia kwenye ngazi ya mlango wake. Mzee kaitazama ile kamba, kaacha bao, kaniuliza, "Mwanangu, inakuja gari au jahazi?" Nkamwambia ni gari, ya umeme, ya ami. Akanyamaza kidogo, akasema mchana ikae, watu waione, lakini saa kumi baada ya sala ya alasiri iwe ishaondoka kwa sababu saa hio kivuli kinahamia upande wake na wenzake wanakuja.

Kwahio ndo hivo, kulala italala Kianga. Sehemu pekee isiyofikiwa na mnazi wala mwembe nishaipima, inatosha mita 5 kwa 2.60, lakini pamejengwa banda la kuku la bi mkubwa na ana kuku wanaatamia. Kaniambia wakishaangua ndo tuzungumze. Meli bado wiki sita.