Nimetoka CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), nasubiri chuo: nianze na logi, takwimu au kalkulasi?

Mwana_Ujiji: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nimemaliza kidato cha sita, niko Kigoma, nategemea kusoma biolojia chuoni. BAM, ile hesabu ya ziada ya sisi wa sayansi, nilipita kwa kudra za Mungu. Nina miezi miwili na daftari moja. Kipi kitangulie?

Nyuki_Tabora: Takwimu, mdogo wangu. Mizinga 10 ya nyuki ikitoa asali kilo 12 kila mmoja, wastani ni 12. Mitano ikitoa 4 na mitano 20, wastani ni 12 vilevile. Ukiishia kwenye wastani, hutajua kwamba nusu ya mizinga ina shida.

Dada_Maabara: Sipingi, ila atakwama kabla hajafika huko. Mwaka wa kwanza niliambiwa nizimue myeyusho wenye ukolezi wa mola 1 (mola ni kipimo cha ukolezi) uwe 0.1. Nikachukua mililita 10, nikaongeza maji mililita 100, nikarudi mezani kifua mbele. Jumla 110, kwa hiyo nilipata 0.091. Maji yalitakiwa 90! Wenzangu wa kundi hawakunisemesha mpaka mchana. Huo ni uwiano tu, hesabu ya shule ya msingi. Aanze hapo, kisha logi, yaani 10 ipewe kipeo gani ili upate namba fulani. pH, kipimo cha uasidi, ni ya logi: pH 5 na pH 7 zinaonekana jirani, kumbe ayoni za hidrojeni zimezidiana mara 100.

Kibirizi1: Kalkulasi, hesabu ya kasi ya mabadiliko, mmeitupa? Bakteria wanavyoongezeka ni nini?

Dada_Maabara: Kaka, bakteria E. coli akistarehe hugawanyika kila dakika 20 hivi. Kwa muda wa saa saba ni mara 21: mmoja anakuwa 2,097,152. Hapo ni kipeo cha 2 tu. Kalkulasi ataihitaji chakula kikianza kuisha na kasi ikashuka.

Kibirizi1: Haya, basi logi aisomee kwa dagaa. Samaki akirefuka mara mbili bila kubadili umbo, uzito unakaribia mara 8. Pima urefu na uzito, chora: utapata mkunjo. Chukua logi za vyote viwili, uchore tena: nukta zinajipanga karibu na mstari, na mwinuko wake unacheza kwenye 3.

Nyuki_Tabora: Na hizo nukta zinazokataa kukaa mstarini? Takwimu hiyo 😀

Mwana_Ujiji: Rula ninayo. Ila mzani wa dukani kwa mjomba, dagaa mmoja hautikisi.

Kibirizi1: Panga hamsini wanaolingana urefu, pima kwa pamoja, gawa kwa 50. Rudia kwa urefu mwingine. Ila subiri mbalamwezi ipite, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; wiki hii ni wa kutafuta.