Ushauri: modeli ya TAZARA, kipande cha Mlimba–Makambako, chumba cha m 4.8 kwa m 3, skeli 1:87

Taruma45
Wakuu, naomba mawazo kabla sijashika msumeno. Nataka kujenga reli ya modeli ya mizigo inayofuata TAZARA, kipande cha Mlimba hadi Makambako, katikati ya miaka ya 1980. Chumba ni m 4.8 kwa m 3, mlango uko kwenye ukuta mfupi na unafungukia nje. Skeli ni 1:87, njia ya mm 12 (geji, yaani umbali kati ya reli mbili).

Vitu ninavyotaka vionekane: treni ya shaba ikishuka kwenda Dar es Salaam, treni ya bidhaa ikipanda kwenda Zambia, mahandaki, na daraja la mto Mpanga. Mchoro wangu wa kwanza una stesheni nne (Kidatu, Mlimba, Uchindile na Makambako), mwinuko wa asilimia 3, na kona zenye nusukipenyo cha sm 45. Treni ni injini 2, mabehewa 14 na behewa la gadi. Nimekosea wapi? Na injini ya dizeli ya U30C, ile ya kampuni ya GE, naipataje kwa skeli hii?

NjiaYaKupishana
Mkuu, anza na urefu wa treni, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote.

Behewa la mizigo la karibu m 14 linakuwa sm 16 kwenye 1:87, na ukijumlisha kiunganishi ni sm 16.5. Mabehewa 14 ni m 2.31. Injini mbili weka sm 40, behewa la gadi sm 15. Jumla m 2.86. Njia ya kupishania inataka sm 20 za ziada ili treni isikae juu ya pointi (mahali njia inapogawanyika), na pointi zenyewe za ncha zote mbili zinakula kama sm 60. Unafika m 3.66. Ukuta wako mrefu ni m 4.8, lakini ukitoa kona mbili za sm 60 na sm 10 za ukingo kila upande, unabaki na m 3.4 tu ya njia iliyonyooka. Haiingii.

Punguza mabehewa yawe 10. Treni inakuwa m 2.2, njia ya kupishania pamoja na pointi zake m 3. Hapo kila ukuta mrefu unabeba stesheni moja, basi. Mlimba huku, Uchindile kule. Dar na Makambako zifanye yadi za maficho, mahali treni zinaposubiri zamu bila kuonekana.

Usijaribu kuibana njia nzima. Kutoka Mlimba hadi Makambako ni zaidi ya km 150. Ukigawa kwa 87 bado ni zaidi ya m 1,700. Chagua vipande viwili vinavyotambulika na uvipe nafasi ya kutosha.

Geji1067
Nyongeza kuhusu Kidatu: iondoe kabisa. Kituo cha kuhamishia mizigo kati ya TAZARA na reli ya geji ya mita kilianza kazi 1998, na wewe umechagua miaka ya 1980. Mtu akitaka kuonyesha Kidatu ahamie mwisho wa miaka ya 1990, na atakuwa na bahati moja: geji ya TAZARA ni mm 1,067, ambayo kwenye 1:87 ni mm 12.26, na geji ya mita ni mm 11.49. Tofauti haifiki mm 1, kwa hiyo njia ileile ya mm 12 inatumika pande zote mbili za jukwaa.

Njia ya mm 12 inayouzwa tayari hutengenezwa hasa kwa wanaofuata reli za milimani za Uswisi. Peco na Tillig wanayo. Angalia mataruma: mengi yanaiga mbao, na TAZARA ina mataruma ya zege. Yapulizie rangi ya kijivu iliyopauka kabla ya kumwaga kokoto, kisha pitisha kahawia ya kutu kwenye mbavu za reli peke yake.

Injini: usinunue gamba la U30C ya Kimarekani ukidhani jina likifanana na umbo litafanana. U30C ya TAZARA ni ya kusafirishwa nje, mwili wake ni mdogo kuliko ile ya reli pana za Marekani. Ndugu yake wa karibu ni injini za GE za daraja la 34 za Afrika Kusini, ambazo nazo ni za geji ya mm 1,067. Njia inayofaa ni gamba la kuchapishwa kwa printa ya 3D juu ya chasisi ya mm 12 yenye ekseli sita. Pima kwanza umbali kati ya vituo vya bogi (fremu za magurudumu chini ya injini), ndipo uagize. Gamba linaweza kurefushwa mm 2 bila mtu kugundua, lakini bogi zikikaa mahali pasipo pake kila mtu anaona.

Mwinuko
Asilimia 3 kwenye kona ya sm 45 itakutesa. Kona yenyewe huongeza mzigo. Kuna kanuni ya mazoea: gawanya 80 kwa nusukipenyo cha sm, jibu ni asilimia unazoongeza. Kwako ni 80 ÷ 45, karibu 1.8. Injini itahisi asilimia 4.8, na mabehewa 10 yatasimama katikati ya mlima.

Tumia nusukipenyo cha sm 60, na mwinuko wa asilimia 2 kwenye mnyoofu. Kwenye kona shusha hadi 1.2. Ukuta wako mfupi una m 1.6 ya mnyoofu, ambayo inakupa sm 3.2, na kona mbili za robo duara zenye jumla ya m 1.88 zinakupa sm 2.3. Kwa hiyo kila ukivuka ukuta mfupi unapanda sm 5.5. Mahali pa kuanzia na kumalizia mlima pinda taratibu kwa sm 30, la sivyo viunganishi vitaachana pale injini inapoinua pua. Ndani ya stesheni pawe tambarare kabisa, pima kwa pimamaji, maana behewa lililoachwa peke yake litaondoka.

Mpangilio ni huu. Mlimba iwe sifuri. Unavuka ukuta mfupi wa ndani hadi Uchindile, sm 5.5 juu. Unavuka upande wa mlango hadi yadi ya Makambako, sm 11 juu, nyuma ya kilima kilicho nyuma ya Mlimba. Upande wa pili, kutoka Mlimba unashuka kupitia mlangoni hadi yadi ya Dar, sm 5.5 chini ya Mlimba, yaani sm 11 chini ya Uchindile. Njia zote mbili za mlangoni zikae kwenye kipande kimoja cha kuondoa, chenye pini za chuma za kukirudisha mahali pake palepale.

Kasoro ya mpango huu ni yadi ya Dar. Ukitoa unene wa plaiwudi ya juu unabaki na kama sm 9, na mkono haupiti vizuri. Iache wazi kwa mbele na usiweke zaidi ya njia tatu.

Taruma45
Asanteni sana. Nimechora upya: mabehewa 10, kona za sm 60, stesheni mbili. Maswali mawili. Daraja la Mpanga liwe na kimo gani? Na shaba naitengenezaje? Nilifikiria kujaza vipande vya waya wa shaba hadi ukingoni mwa behewa.

Geji1067
Nguzo za daraja la Mpanga zina kimo cha karibu m 50. Kwenye 1:87 ni sm 57. Hapo ukutani usitandaze meza. Shusha fremu hadi sm 60 chini ya reli, na reli yenyewe iwe sm 115 kutoka sakafuni. Panga hili sasa hivi, kwa sababu ukishatandaza plaiwudi tambarare hutapata bonde tena. Ukiona linakula nafasi, sm 40 bado zinatosha jicho, mradi nguzo ziwe tatu na nyembamba.

MzigoMzito
Waya hapana, na usijaze. Hapa ndipo modeli nyingi za reli za shaba zinapokosea. Shaba ina uzito wa tani karibu 9 kwa mita moja ya ujazo. Behewa linalobeba tani 40 limebeba mita za ujazo nne na nusu tu. Ukilitazama kutoka pembeni unadhani liko tupu.

Mzigo ni bamba za shaba zilizofungwa mafungu. Bamba moja ni karibu m 1 kwa m 1, unene karibu mm 9, uzito kama kilo 80. Bamba 31 ni tani 2.5, na fungu linakuwa na kimo cha sm 28. Kwenye skeli yako fungu ni mm 11.5 kwa mm 11.5, kimo mm 3. Sasa angalia hili: unene wa bamba moja unakuwa mm 0.1, ambao ndio unene wa karatasi ya kawaida ya printa. Kata vipande 31 vya karatasi, vipange bila kuvinyoosha sana, gundi kidogo katikati, na kingo zitaonyesha tabaka zenyewe. Mafungu 16 kwa behewa, mawili mawili kwa upana, yawe yamesogezwa juu ya bogi na kuacha pengo katikati. Mikanda ya kufungia ni uzi mwembamba mweusi. Rangi ni pinki iliyofifia inayoelekea kahawia, isiyong'aa.

Karatasi haina uzito, kwa hiyo ongeza madini ya risasi chini ya sakafu ya behewa. Kipimo kinachotumika ni gramu 28 kwa behewa, pamoja na gramu 5.6 kwa kila sm ya urefu. Behewa la sm 16 linataka karibu gramu 118. Mabehewa yote yapime kwa mizani. Jepesi likiwa mbele kwenye treni inayopanda, uzito wa nyuma unalivuta kuelekea ndani ya kona na kulilaza. Katika kupanga treni ya kwenda Zambia, matupu yakae mkiani.

WayaMbili
Umeme: waya mkuu wa mm² 2.5 uzunguke chini ya meza yote, na kila kipande cha reli kilehemewe waya wake mdogo wa mm² 0.5 kushuka kwenye ule mkuu. Usitegemee viunganishi vya reli kupitisha umeme. Gundi ya kokoto na kutu huingia ndani yake, na baada ya miezi injini inaanza kusuasua mahali pasipoeleweka. Ukimaliza, fanya jaribio la sarafu: ilaze juu ya reli zote mbili kila baada ya m 1. Mtambo wa DCC (unaoendesha injini kidijitali) ukate umeme papo hapo. Usipokata, waya wa hapo una ukinzani mkubwa, na siku injini ikianguka bogi zitayeyuka.

Mahandaki: kila moja liwe na uwazi nyuma unaoingia mkono, na pasiwe na pointi ndani. Injini ya sm 20 yenye vituo vya bogi vya sm 13 inatokeza pua mm 5 nje ya kona ya sm 60, na tumbo mm 3.5 kwa ndani. Kabla ya kugandisha lango, funga penseli kwenye pua ya injini yako ndefu kuliko zote, na nyingine ubavuni katikati. Isukume kwa mkono kwenye kona yote juu ya karatasi. Mistari itakayochorwa, ongeza mm 3 kila upande, ndio upana wa lango.