Mshale wa mizani unaanzia gramu 150, halafu "NITAKUOMBEA"?!

Wakuu, nina hasira hadi simu inatetemeka mkononi.

Yule muuza samaki wa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mnamjua, sina haja ya kutaja jina. Kibanda kizima kimebandikwa mistari ya Biblia, hadi ndoo ya magamba ina Zaburi. Jumapili anapitisha kapu la sadaka, uso umeinama kama malaika. Jumatatu yuko nyuma ya mizani. Leo sahani ni TUPU na mshale umetulia gramu 150. Kaonyeshwa kwa kidole, mbele ya foleni, kajibu kwa sauti ya mahubiri: "Mpendwa, una roho ya mashaka. Nitakuombea."

Nitakuombea! Mtu anakuibia sangara huku anakuombea!

Mizani ile ya saa ina skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri, kazi ya sekunde tano. Haigusi. Juu anaweka karai la plastiki na uzito wake hautoi. Samaki katoka kwenye barafu sasa hivi, hajachuruzika, kwa hiyo maji yanayodondokea viatu vya abiria kwenye daladala ya Igoma umeyalipia bei ya mnofu. Stika ya Wakala wa Vipimo inatakiwa kila mwaka. Yake ni ya mwaka juzi, na juu yake kabandika "Yesu ni Bwana".

Kwa kilo moja anakula asilimia 15, kisha anatoa fungu la kumi. Mungu kafanywa dalali, tena wa kamisheni ndogo. Na bado, NITAKUOMBEA!

Jiwe la Bismarck: Nimevuta kiti. Karanga ziko wapi?

Sato Mbichi: Mleta mada hesabu imekupita kidogo. Mshale ukianzia 150 unakula 150 kila PIMO, siyo kila kilo. Ndiyo maana anakupimia kilo moja moja: kilo tano, mapimo matano, gramu 750 zimeenda. Lazimisha apime zote kwa mpigo, unapoteza 150 tu. Na beba chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Iweke kwenye sahani, isome kilo 1.5 na kidogo cha plastiki. Ikisoma 1.7, ondoka.

Mleta mada: Chupa sawa, lakini hiyo "nitakuombea" naipima kwa nini?

Gogogo: 😂😂 Kumbe kinachouma siyo samaki, ni maombi. Wengine tunayalipia hayo.

Furu wa Ziwani: Tuache utani. Mithali 11:1 na Walawi 19:35-36 zinataja mizani waziwazi, hakuna cha kufasiri. Akitaka kutubu, njia iko Walawi 6:5: anarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano. Kwa 150 atoe 180, na ampe mwenye mali, asipeleke kwenye kapu. Zakayo aliahidi mara nne, hapo ni gramu 600. Nani kawahi kurudishiwa hata kichwa cha samaki?

Gogogo: Arudishe 600 huku mizani ni ileile? Utapokea 450.

Dagaa Mkavu: Nyie wa sangara mna bahati, mizani ina mshale wa kubishania. Njooni kwenye dagaa! Debe limegongwa kitako kikaingia ndani, sado, lile kopo la kupimia, imebonyezwa ubavuni, na dagaa wameanikwa mchangani badala ya kwenye chanja. Mwaga kwenye beseni la maji: dagaa wakavu wanaelea, mchanga unazama. Muuzaji kavaa rozari.

Jiwe la Bismarck: Rozari imefuata nini? Wa kwenu wa mkesha wa Ijumaa anafungulia spika hadi saa kumi alfajiri, mtaa mzima Mabatini haulali. Huo nao ni upendo wa jirani?

Dagaa Mkavu: Spika haina mchanga, mkuu.

Jiwe la Bismarck: Hujalala karibu nayo.

Mleta mada: Jamani uzi ni wa NITAKUOMBEA. Rudini.

Sato Mbichi: Tutakuombea.

Furu wa Ziwani: 😂😂😂

Gogogo: Mleta mada kaombewa mara mbili siku moja, kesho anaota mabawa. Tukiwa hapohapo, dagaa wa kuku sado inauzwaje sasa?

Dagaa Mkavu: Mbalamwezi hii taa hazivuti dagaa, mitumbwi mingi imelala. Subiri siku za giza ziingie, bei ishuke. Na uje na beseni lako.